Kikapu cha Mzee Melkior

Kila Jumamosi Eufrazia aliamka mapema, akachota maji kisimani, akafagia uwanja. Siku hiyo bibi yake, Theopista, alimpa kikapu cha mchele mpya ampelekee mzee Melkior. Mzee huyo aliishi peke yake pembeni mwa mashamba ya Mwamkulu tangu alipoacha kazi katika mgodi wa madini ya risasi.

Eufrazia alimkuta uani akisuka mkeka, amempa mgongo. Alipiga hodi mara tatu, mzee hakugeuka. Mtoto mwenye adabu hapigi hodi ya nne, basi akaacha kikapu mlangoni akaondoka.

Hapo hakukosea. Kosa alilifanya kisimani, alipowatilia wenzake chumvi kwamba mzee alimkazia macho asimjibu. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na kufikia Jumatano mzee alikwisha kuwa mchawi. Jumbe Severini, mkuu wa kijiji, akaitisha baraza. Wengi walitaka mzee ahamishwe kabla ya mvua.

Eufrazia aliposikia hayo, aliusukuma ugali kando. Akamwambia bibi ukweli. Bibi hakumchapa, ila alimpeleka barazani akaseme mwenyewe. Akasema huku analia kwamba siku ile hata uso wa mzee hakuuona.

Jumbe aliona afadhali waende kwa mzee pamoja na Eufrazia na bibi yake. Wakamkuta uani tena, amewapa mgongo. Wakapiga hodi tatu, kimya. Safari hii Eufrazia hakurudi. Alizunguka akapiga magoti mbele ya mzee, naye akashtuka, kisha akatabasamu.

"Sema kwa nguvu, mjukuu wangu," alisema. "Baruti za mgodini ziliniua masikio. Watu wakiniuliza, najibu sivyo, wanacheka. Nikaona heri nikae huku."

Jumbe aliona haya. Mwaka ule alikuwa amepiga hodi pale mara mbili, akaondoka amenuna akidhani amedharauliwa.

Mzee aliingia ndani akatoka na kikapu kile, kimejaa karanga, kwa kuwa kikapu cha jirani hakirudishwi kitupu.

"Sikujua ni cha nani," alisema. "Kila siku nakiweka mlangoni, labda mwenyewe atakuja."

Njiani bibi alimshika Eufrazia mkono. "Mtu akijitenga, usimtungie sababu. Nenda umkalie mbele, umwulize. Na kesho umpelekee tena kikapu hiki, na kisiwe kitupu."