Kisomaudongo na Neno Libbu

Kisomaudongo kilimulika kigae cha udongo kwa mwanga wa buluu, na maneno yaliyolala miaka elfu nne yakaamka yakisema Kiswahili. Mashine hiyo, fahari ya Tanga ya siku hizo, ilisoma Kiakadi, lugha ya Babeli ya kale. Mtu alivaa kofia ya fahamu, akatamka sentensi kwa lugha ya mama yake. Mashine ikanakili kilichotikisika mwilini mwake, ikakilinganisha na alama za udongo. Wenye lugha nyingine walijaribu wakachoka. Kiswahili na Kiakadi vikapatana kama chanda na pete.

Neno moja tu liliisumbua: libbu. Huku libbi, kule libba, pengine libbashu, yaani moyo wake. Mstari huu moyo, ule tumbo. Kwingine akili, kwingine hamu, kwingine katikati ya mji. Wiki baada ya wiki, mhandisi Mwanakombo Shekue, mjamzito wa miezi saba, aliilisha mashine sentensi. Moyo umeniruka. Moyo umetulia. Moyo haunipi. Kila baada ya sentensi, kizimamwangwi kilirusha wimbi kinyume ndani ya kofia, kutuliza kilichotikisika ili sentensi inayofuata isichanganyike nayo. Mwanakombo ndiye aliyekibuni.

Leo ilibaki maana moja: tumbo la uzazi, katika dua ya mkunga.

"Huyo wako atazaliwa akiongea Kiakadi," alitania Heriel, mwenzake wa maabara.

"Afadhali. Kuliko aongee kama wewe, nusu lugha nusu makombo."

Heriel alicheka, lakini mikono yake ilibaki mfukoni. Msimu uliopita ndiye aliyeilisha mashine neno la mkono.

"Mbona siku hizi humpi mtu mkono, kaka?"

Kicheko kikakatika. "Dada, jana mwanangu kanishika mkono tukivuka barabara. Nikaona kama kashika ubao. Nilidhani ni uchovu."

Mwanakombo akakumbuka simu aliyopigiwa na mama yake asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, moyo wangu. Mjukuu wangu anacheza?"

Kila siku neno hilo la mama lilimlainisha. Leo lilipita kama tangazo la redio. Alijibu, "Anacheza," akakata simu, akala mkate wake.

Sasa alikitazama kizimamwangwi, kisanduku kidogo chenye taa ya kijani. Yeye na Heriel walihesabu kwamba kingenyamazisha mtikisiko kwa nukta moja tu. Hakuna aliyejiuliza mwili ukinyamazishwa mara maelfu utakumbukaje kuhisi.

"Vua kofia," Heriel alisema.

"Mkunga huyo amesubiri miaka elfu nne. Umebaki mstari mmoja."

"Na wewe umebakiwa na nini?"

Mwanakombo alitapatapa kitini, akakaza kofia, akalegeza, akakaza tena. Hatimaye akatamka, "Mtoto yumo tumboni mwangu." Kizimamwangwi kikapiga mlio mdogo. Akarudia. Kikalia tena. Akarudia.

Mtoto akapiga teke.

Mwanakombo alilisikia kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Aliweka kiganja juu ya tumbo, akangoja ile furaha yenye hofu ije. Haikuja.

Kutoka kwenye spika za mashine ikatoka sauti iliyojifunza kwake, ikitetemeka, karibu kulia.

"Anacheza! Jamani, mwanangu anacheza!"

Heriel akarudi nyuma hatua moja. Kwenye kioo cha mashine, dua ya mkunga ilikuwa imeanza kujifungua, neno kwa neno, nzuri ajabu.

Mwanakombo alivua kofia kwa mikono miwili. Hakusoma.

"Si wako," aliiambia mashine.

Akapiga magoti kwa taabu, tumbo likimlemea, akaanza kuchomoa nyaya. Baada ya kila waya alisita, kiganja tumboni, akisikiliza kama ile furaha inarudi. Kisha akashika mwingine.