Ng'ombe Mbili kwa Mot de Passe Moja

Mukasa huu ulinigharimu ng'ombe mbili na mbuzi moja... na hakuna kitu nilichonunua!

Niko na miaka makumi ine na moja, nauzisha vitenge hapa Bukavu. Papa alipofariki, sauti yake ilibaki ndani ya ordinateur yangu, kompyuta ya nyumbani, akibariki kila mutoto kwa jina. Mama aliisikiliza kila Siku ya Mungu, Jumapili. Kuifanyia kopi kwenye simu, Mama alikataa: sauti ya marehemu haitembezwi mufukoni!

Lakini wajomba wanapenda kugusa-gusa mashine. Nikaita Gustave, rafiki yangu mujuzi wa mashine.

"Grand, kaka yangu, tuweke mot de passe, neno la siri, ya pale inapowaka," akasema. "Kuweka ni bure. Kukufundisha kuitumia, utalipa."

Mimi, mutu wa kupatana bei... nilichukua cha bure! Akachagua neno yeye mwenyewe. Nilijiona mwerevu.

Bila kuzima mashine, haikuuliza kitu. Lakini batterie ilikufa zamani, na courant, umeme wa Bukavu, munaijua. Ikakatika. Iliporudi, écran, kioo chake, nyeusi, inadai neno. Gustave? Kila siku "niko njiani"!

Ndipo familia yake ikaja kumuposea Furaha, mudogo wangu. Musemaji wa dot, mahari, ni nani? Ni mimi! Nikaanzia ng'ombe sita na mbuzi moja ya Mama.

Gustave akaniinamia kwa sikio: "Grand, sita ni mingi. Kichwa ikijaa mawazo, inasahau mot de passe."

Mama alikuwa nyuma ya rido, pazia la mulango, Siku za Mungu tatu bila sauti ya bwana wake... Ningefanya nini? Nikashuka tano. "Inaanza kurudi," akasema, "mwisho wake ndiyo bado." Nikashuka ine. Mbuzi ikaenda nayo!

Akafungua mashine, amenigeuzia mugongo. Papa akasema: "Furaha, mutoto yangu, upate bwana mwenye akili."

Alipata!

Mama akalia. Nami nikalia, na safari hii si kwa ajili ya ng'ombe.

Sasa courant ikikatika, tunamuita shemeji. Anafika saa ya bugali, anakula, anaandika neno, mugongo kwangu. Nimutukane? Mama anamuita "Papa"!

Ndugu wasomaji, mulango wako usifungwe na mukono wa mwingine, hata akikufungia bure! Na munishauri: nimudai ng'ombe zangu, ao nimudai neno? Vyote viwili hatatoa... kupatana bei, nilimufundisha mimi mwenyewe.