Samahani, Natangulia

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi zote za Januari hapa Kanazawa. Nilikoka makaa, nikateka maji, nikafagia theluji kwenye mawe ya bustani ili wageni wasiteleze. Darasa la chai la saa nne asubuhi lilikuwa na wageni wanne: dada wawili wastaafu kutoka Toyama, msichana mmoja mwanafunzi asiyesema, na Bwana Kuroiwa, muuza matairi, ambaye mkewe alimlipia darasa naye akaja shingo upande.

"Mke wangu anasema nitajifunza kutulia," aliniambia akivua viatu. "Nimemwambia, nikitaka kutulia si nitalala?"

Nilicheka. Nilihitaji kucheka, maana nilichokiona alfajiri kilikuwa bado machoni pangu.

Niseme kwanza habari za Dada Orie. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Kila kitafunwa cha maharage matamu alichopewa alikikata katikati, akala nusu, na nusu ya pili akaniwekea kwenye karatasi aliyoikunja pembe moja. Mzee mwenye nyumba hii ya chai, mwalimu wetu, alikusudia kumwachia yeye nyumba na darasa. Ndipo bakuli jeusi la Mzee, la thamani kuliko vyombo vyote, likapotea. Bi Tokiwa, mwanafunzi wa pili, akaapa kwamba alimwona Orie akitoka nalo. Mzee akaamini. Mji mzima ukaamini. Na mimi, aibu yangu, niliamini.

Alifukuzwa siku ya theluji. Langoni aliinama kwa adabu zote, akamwambia Bi Tokiwa taratibu, "Siku nitakayorudi, utanitangulia." Bi Tokiwa akacheka. Hakuna aliyempa Orie kazi tena. Majira yale yale ya baridi alikutwa amekufa kwenye chumba cha kupanga, hana hata mafuta ya kuwashia moto. Sikwenda kumzika.

Neno lile la kutangulia ni la kwetu sisi watu wa chai. Chai nzito hunywewa kwa bakuli moja, mkono kwa mkono. Kabla hujanywa unamwinamia jirani yako na kusema, "Samahani, natangulia." Wa mwisho hana wa kumwambia. Anamaliza na kunyamaza.

Orie alipokufa, na Mzee naye alipofariki, Bi Tokiwa akarithi kila kitu, akaweka sheria moja: nafasi ya mwisho ni yangu. "Mgeni hajui taratibu," alisema. "Anaweza kuuinamia mkeka mtupu." Miaka tisa nilikaa pale nikidhani ni mambo ya adabu tu.

Alfajiri ile nilikuwa natafuta vitambaa safi kabatini kwake. Nyuma ya mablanketi nikagusa sanduku. Ndani yake, kwenye hariri, lilikuwemo bakuli jeusi la Mzee.

Nililitoa. Nilikaa chini, hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba. Nikakumbuka maneno ya Orie langoni, nikaelewa kwa nini Bi Tokiwa aliuogopa mkeka mtupu. Kisha nikaliosha bakuli. Nikalipeleka chumba cha chai, nikaliweka kando ya birika chini ya kitambaa. Wageni walipokuwa wanaingia nikamfuata Bi Tokiwa.

"Mwalimu, leo siwezi kukaa. Goti limevimba."

"Jana ulikuwa mzima."

"Jana, Mwalimu."

Alitazama mlango. Wageni walishaanza kuinama ili wapite, maana ni mfupi. "Basi mwambie wa mwisho asimwinamie mtu. Umesikia? Mwambie."

"Nitamwambia."

Sikumwambia. Nilikwenda chumba cha maji, tunamoandalia vyombo, nikakaa nyuma ya mlango wa karatasi, nikaacha upenyo wa kidole.

Bi Tokiwa alifunua kitambaa. Mkono ukasimama hewani. Lakini mbele ya wageni mwalimu haachi kazi katikati, naye aliijua kazi yake. Akatia unga wa chai. Akamimina maji. Akakoroga, akaligeuza bakuli ili upande wake mzuri uwaelekee wageni, kama mwenyeji anavyopaswa.

Likapita kwa dada mkubwa. Likapita kwa mdogo. Likapita kwa msichana. Likafika kwa Bwana Kuroiwa.

"Mimi nimebakiziwa machicha," alisema. Halafu, kwa kuwa aliwaona wenzake wakifanya hivyo, akageukia mkeka mtupu uliokuwa kando ya ukuta, akainama. "Samahani, natangulia."

Wale dada wakaangua kicheko. "Unamwambia nani, Bwana?"

"Adabu ni adabu, mama. Imemuua nani?"

"Tafadhali, kunywa," sauti ikajibu.

Ilikuwa ya mwanamke. Ya chini. Imechoka.

Kicheko kikakatika. Bwana Kuroiwa akamtazama msichana. Msichana akatikisa kichwa. Bwana Kuroiwa akanywa funda moja, akafuta ukingo, akaliweka bakuli mkekani haraka kama kitu cha moto.

Hakuna aliyeligusa tena.

Bakuli likageuka. Polepole. Robo. Robo nyingine. Upande wake mzuri ukamwelekea Bi Tokiwa.

"Bakuli hili limetoka wapi?" sauti ikauliza.

Ndilo swali la kila mgeni baada ya chai. Kila mwenyeji hulijibu.

"Kabatini kwangu," Bi Tokiwa alinong'ona.

"Nani aliliweka?"

"Mimi."

"Basi kunywa."

Akasogea kwa magoti mpaka kwenye bakuli. Nilimwona akilitazama. Chai iliyokuwa inatoa mvuke muda mfupi uliopita ilikuwa imeganda barafu nyembamba juu yake. Ningeweza kuufungua mlango. Niliwaza kile chumba cha kupanga kisicho na moto, na sikuufungua.

Bi Tokiwa akainamia mkeka mtupu.

"Samahani," alisema. "Natangulia."

Akanywa. Akaliweka bakuli chini. Akainama tena.

Hakuinuka.

Bwana Kuroiwa alidhani ni sehemu ya darasa, naye akainama. Wenzake wakainama pia. Wote walikaa hivyo, vipaji vya nyuso chini, wakimsubiri mwalimu. Walisubiri muda mrefu.

Daktari alisema ni moyo. Bwana Kuroiwa alilia langoni akirudia, "Mimi nilikuwa na adabu tu." Sitasema kwamba mimi nilimlilia Bi Tokiwa. Nilifurahi, na nimelala vizuri kwa furaha ile.

Ila kuna jambo moja. Asubuhi ile nilitengeneza vitafunwa vinne kwa mikono yangu, kwa wageni wanne, na wote walikula. Nilipoingia kufagia, mkeka ule wa kando ya ukuta ulikuwa na alama mbili za magoti, zimelowa maji ya theluji. Mbele yake palikuwa na karatasi iliyokunjwa pembe moja. Juu yake, nusu ya kitafunwa.

Sasa nyumba hii ninaitunza mimi, na darasa ni langu. Ile nusu niliifungia kabatini. Huu ni mwaka wa pili, haijaota ukungu. Kila theluji ikianguka naikuta nje ya kabati, kwenye mkeka wangu, imegeuzwa upande wake mzuri kunielekea, na mkeka wa pembeni umelowa.

Najua mgeni anayekaribishwa anatakiwa aseme nini. Lile neno la kwanza, samahani, nimelisema kila usiku, mpaka sauti imekauka. Analolisubiri ni la pili.