Kijiko cha Dirishani

Kitasa cha mlango wa mbele kilikwaruza gizani, kikatulia, kikakwaruza tena. Ilikuwa saa moja na nusu jioni na umeme ulikuwa umekatika. Mama Chiriku alikuwa jikoni akipapasa kiberiti. Mumewe alikuwa kazini mbali, harudi hadi mwisho wa mwezi. Binti yao wa miaka mitano, aliyebandikwa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki, alikuwa amemng'ang'ania gauni.

"Dada Muuguzi amerudi," alinong'ona mtoto.

Hakuwa Muuguzi, mpangaji wao wa chumba cha nyuma. Waliingia kijana na msichana, godoro kichwani, ufunguo mkononi.

"Samahani," alisema msichana, "kumbe kuna mtu? Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niulize. Hapa kwangu."

"Kwako? Sisi tumepangishwa nyumba hii yote na Mama Chiriku. Kodi tumeshamtumia."

"Mama Chiriku ni mimi."

Godoro likashuka chini taratibu, kama lenyewe limeishiwa nguvu.

Walikuwa maharusi wa wiki moja. Huyo "Mama Chiriku" wao hawakumwona wala kusikia sauti yake. Alikuwa akiwaandikia ujumbe tu. Ufunguo aliwaachia chini ya chungu cha maua, na tangu mchana simu yake ilikuwa imezimwa. Bibi harusi akaonyesha picha waliyotumiwa: chumba cha nyuma, kitupu kabisa, sakafu ingali na maji ya kudekiwa, na dirishani kijiko kidogo kimechomekwa mahali pa komeo.

Upepo ukavuma. Huko nyuma dirisha likagonga.

"Ni kile kijiko," alisema bibi harusi. "Kimelegea."

Mama Chiriku akageukia kule dirisha lilikogonga. Mgeni ambaye hajawahi kukanyaga hapa anakijua kijiko cha nyumba yake.

Kabla hajakaa, simu ikaita. Alikuwa mwenye nyumba, mkunga mstaafu, mama wa maneno machache.

"Dalali wangu amepigiwa na jirani. Eti umewapangisha wageni nyumba yangu yote."

"Sijafanya hivyo, mama."

"Nilikuruhusu chumba kimoja, mtu mmoja. Kesho saa nne asubuhi nakuja. Usiponionyesha aliyefanya haya, utahama."

Simu ikakatwa.

Kuhama kulimuuma, lakini kuhama akiitwa mjanja mjanja kulimuuma zaidi. Alipotaka kumpangisha mtu chumba cha nyuma ili kodi isimlemee, majirani walimwambia amwingize tu kimya kimya, nani atajua? Yeye alikataa. Darasani kwao, kwenye masomo ya jioni, walikuwa wamefundishwa kwamba mpangaji hapangishi mtu mwingine bila ridhaa ya mwenye nyumba. Akaomba. Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, dalali alitumwa kuja kukagua, akatoa taarifa kwamba chumba hakifai. Mchana wake mwenye nyumba alimpigia simu Mama Chiriku mwenyewe, akamhoji, akakubali na kumwandikia ruhusa. Jioni hiyohiyo Muuguzi akahamia, mwanafunzi mpole wa hospitali.

Saa mbili usiku Muuguzi alirudi, akakuta maharusi wameketi juu ya godoro lao kama abiria waliokosa gari.

"Mdogo wangu, ufunguo wako uko wapi?" aliuliza Mama Chiriku.

Muuguzi akauchomoa shingoni. "Huu hapa, dada."

"Umewahi kumwazima mtu?"

"Shemeji yako tu, Jumamosi jioni, alipoleta kitanda changu. Mchana kutwa nilikuwa wodini."

Shemeji, mdogo wa mumewe, aliitwa. Alikuja na sanduku lake la vifaa, maana ni fundi seremala na haachi vifaa vyake popote.

"Jumamosi ulikaa na ufunguo," alianza Mama Chiriku.

"Nilikaa na kitanda cha chuma, shemeji. Mgongo wangu ni shahidi." Akawatazama maharusi. "Mnanishuku mimi? Ningekuwa tapeli ningepangisha lile kochi la sebuleni. Nimelilalia bure miaka mingapi?"

Hakuna aliyecheka ila Chiriku.

"Ulipoingia chumbani, dirisha lilikuwaje?"

"Lina kijiko. Nikaweka kitanda chini ya dirisha nikaondoka."

"Ni kijiko changu," alidakia Chiriku. "Mama alikichukua Jumamosi asubuhi. Alikuwa anaosha dirisha, komeo likavunjika. Sasa mimi nakula kwa kile kikubwa, hakiingii mdomoni."

Mama Chiriku akaichukua tena simu ya bibi harusi, akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Kisha akawatandikia maharusi sebuleni na kuwaambia walale bila wasiwasi.

Saa nne asubuhi mwenye nyumba aliingia, nyuma yake dalali, shati limenyooshwa mpaka linang'aa.

"Nilikwambia, mama," alisema dalali. "Mpangaji akianza kutafuta wapangaji wake, nyumba imekwenda."

"Kaka," aliuliza Mama Chiriku kwa upole, "chumba cha nyuma unakijua?"

"Nilikikagua mwenyewe Jumamosi. Kitupu. Ndicho ulichokuwa unakitafutia wateja."

"Tangu siku hiyo hujaingia tena?"

"Sijakanyaga."

"Basi twende tukakione."

Akasukuma mlango. Ndani palikuwa na kitanda, sare nyeupe ukutani, na Muuguzi akifunga viatu.

Dalali akakosa pa kuweka macho.

"Huyu yupo hapa kwa ruhusa tangu Jumamosi jioni. Wewe hukujua, kwa sababu mama aliniruhusu bila kupitia kwako." Akainua simu. "Picha hii walitumiwa maharusi. Kijiko kipo, kwa hiyo ilipigwa baada ya komeo kuvunjika, asubuhi ile. Kitanda hakipo, kwa hiyo ilipigwa kabla ya jioni. Kati ya hapo, ukiacha mimi na mwanangu, aliyeingia chumba hiki ni wewe peke yako."

"Nilipiga kwa ajili ya taarifa ya mama."

"Taarifa ya mama imefikaje kwa maharusi?"

"Mimi hukuniletea picha yoyote," alisema mwenye nyumba. "Na ufunguo wangu wa akiba unao wewe."

Dalali akaegemea ukuta. "Mpangaji akishaongea na wewe moja kwa moja, mimi nabaki na nini? Leo huyu, kesho wote. Nilijua ukikuta wageni humu utamfukuza, na mimi nitakuletea mwingine."

"Na kodi yetu?" aliuliza bwana harusi, mara ya kwanza kufungua mdomo.

"Ninayo. Nitarudisha."

"Utarudishia kituoni," alisema mwenye nyumba, akampokonya funguo zote. Kisha akawageukia maharusi. "Nina vyumba viwili mtaa wa pili. Mje tuzungumze. Kwa mdomo, si kwa ujumbe."

Mlangoni alisimama, majirani wakiwa wamejaa uani, akasema kwa sauti ya kusikika, "Nimekaa na wapangaji maisha yangu yote. Aliyewahi kuniomba ruhusa ni huyu. Ruhusa yake iko palepale."

Mama Chiriku alisimama wima kama anayepigwa picha.

Shemeji alifungua sanduku lake, akapigilia komeo jipya, akalijaribu. Dirisha likafunga kimya.

"Sasa naomba kijiko changu," alisema Chiriku.