Sikukuu Ambazo Hazikuwepo Kwenye Kalenda

"Pole sana dada. Nimesikia mama kavunjika mguu."

Meseji ya mdogo wangu iliingia saa nne asubuhi. Mama huyohuyo wa kuvunjika mguu alikuwa juu ya stuli jikoni, anabadilisha balbu!

Simu ikanitoka mkononi.

"Vipi tena?" mama akauliza kutoka huko juu.

"Shuka, mama. Shuka taratibu..."

Jamani, ule mguu niliuvunja mimi. Kwa mdomo. Ulikuwa uongo, na niliusema kwa mtu mmoja tu duniani: mwanaume niliyekuwa nimebakiza wiki sita kufunga naye ndoa!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, mnielewe.

Mimi napanga kalenda kwenye kiwanda cha uchapaji. Zile za ukutani. Wateja wetu wengi wanaagiza mizigo nje, kwa hiyo kila mmoja anataka sikukuu za nchi anazofanya nazo biashara ziwekwe rangi nyekundu. Nazitafuta mtandaoni, nchi moja moja, nahakiki tovuti hii na ile. Ukikosea tarehe moja, nakala elfu mbili zinakuwa za kufungia karanga.

Mdogo wangu tunamwita Fundi. Kompyuta iliyokufa akiishika, inaamka. Mchumba wangu ndiye aliyemtafutia kazi nje. Huyo mchumba mama alimpa jina la Mtulivu, maana hajawahi kumsikia akipaza sauti.

"Ofisi safi, shemeji," alimwambia Fundi. "Ni wewe na kompyuta tu."

Fundi akaondoka. Miezi saba, meseji tu. Nikipiga, haipokelewi.

"Kazini hawaruhusu simu, dada. Na mtandao wa chumbani mbovu."

Na mimi nikaridhika!

Kati ya meseji hizo, tatu zilikuwa na mstari unaofanana: "Leo huku ni sikukuu, tumepumzika." Zote nilijibu vilevile. Pumzika, mdogo wangu.

Siku moja mteja akaleta oda ya kalenda yenye sikukuu za nchi ileile aliko Fundi. Nikafungua tovuti. Nikasema hebu niione ile sikukuu yake ya tarehe nne.

Haipo.

Nikafungua tovuti ya serikali yao. Haipo. Ile ya tarehe kumi na saba? Haipo. Ya tatu? Haipo!

Kuna tovuti ukiandika tarehe zinakuonyesha nchi zote zilizo mapumzikoni siku hiyo. Nikaingiza tarehe ya kwanza. Nchi kumi na moja. Ya pili ikabakiza tatu. Ya tatu...

Moja tu. Na sio ile iliyoandikwa kwenye tiketi yake! Nchi zenyewe sizitaji hapa, kesi bado iko mahakamani.

Mdogo wangu ananiambia aliko, nikajisemea. Anajua kazi yangu. Anajua nitaangalia!

Kilichofuata ndilo kosa langu. Nilimwambia Mtulivu.

"Atakuwa amechanganya tarehe," akasema, amenishika bega. "Usijiumize kichwa, mpenzi."

Kesho yake meseji ikaingia: "Dada, habari za sikukuu achana nazo. Huku ni kazi tu."

Niliisoma mara tano. Mimi sikuwa nimemuuliza Fundi habari za sikukuu hata kidogo!

Ndipo nikautunga ule mguu. Nikamwambia Mtulivu peke yake kwamba mama kateleza bafuni. Majibu yakaja kwa namba ya Fundi, ndiyo yale mliyoyasoma pale juu.

Nikakimbia kazini kuchapa ushahidi wangu. Karatasi ilikuwa bado ya moto nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mguu wa mama unaendeleaje?"

Mtulivu. Mfuko wa machungwa mkononi, macho kwenye kompyuta yangu.

"Unamuuma," nikasema.

"Kalenda ya nani hiyo?"

"Ya mteja."

"Mbona umezungushia tarehe tatu?"

"Siku hizo forodha wanafunga. Mzigo wake hautatoka."

Akaitazama karatasi. Akanitazama mimi. Kisha akatabasamu, na nawaambia ukweli, lile tabasamu nililolipenda miaka miwili, siku ile lilinitia baridi mpaka kwenye mifupa.

"Jioni nakuja kumpa pole mama."

Jioni! Na mama hana hata mkwaruzo!

Alipotoka tu nikapiga simu nyumbani.

"Mama, funga bandeji mguuni. Usiulize."

"Mguu gani?"

"Wowote, mama!"

Nikaenda moja kwa moja wizarani, kitengo cha raia walioko nje. Afisa alikuwa mama mmoja mwenye miwani. Alisoma meseji zote, akaangalia tarehe, kisha akavua miwani.

"Familia nne zimeshakuja hapa na jina la mchumba wako," akasema. "Tuliwatafuta watoto wao kwenye nchi iliyo kwenye tiketi. Hawaonekani. Kumbe tulikuwa tunatafuta nchi siyo..."

"Sasa tunafanyaje?"

"Acha karatasi zako. Ijumaa nitawaandikia ubalozi wa hii nchi nyingine."

"Ijumaa wamefunga!" Sauti ilinitoka kwa nguvu hadi watu kwenye foleni wakageuka. "Kesho wanaanza sikukuu, wanarudi Jumanne. Nimeiona kwenye orodha yao. Na huyu mtu anakuja kwetu leo jioni!"

Akatazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro robo. Ubalozi ulikuwa unafunga saa saba na nusu.

Akachukua mkoba wake. "Twende."

Tulifika mlinzi akiwa ameshashika mnyororo wa geti, akatupisha, na karatasi zikapokelewa.

Saa kumi na moja jioni, Mtulivu alikuwa sebuleni kwetu anamenya chungwa. Mama kajiegesha kwenye kochi, mguu juu ya mto, bandeji imeviringishwa mpaka gotini.

"Pole, mama."

"Asante, mwanangu. Maumivu hayasemeki!"

Akaendelea kumenya. Ghafla kisu kikasimama.

"Uliniambia mguu wa kushoto," akaniambia polepole.

Bandeji ilikuwa mguu wa kulia.

Mtulivu akainuka, kisu mkononi...

"Hodi!"

Mlango ukafunguliwa kabla hatujaitikia. Askari watatu waliovaa kiraia, na nyuma yao yule mama wa miwani. Mtulivu aliweka kisu mezani taratibu, kama mtu aliyemaliza kula. Hata pingu alifungwa bila kupaza sauti.

Baada ya siku kumi na mbili, Fundi alishuka uwanja wa ndege pamoja na wenzake thelathini na wanane. Wamekonda, macho yameingia ndani! Walikuwa wamefungiwa kwenye jengo moja, wanalazimishwa kutapeli watu mtandaoni kuanzia alfajiri.

Nilimkumbatia mpaka akalalamika mbavu.

"We mjanja wewe! Zile tarehe zako ndizo zilizokutoa!"

"Tarehe gani, dada?"

"Meseji zako. Za sikukuu."

Akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha.

"Dada... mimi simu yangu walininyang'anya siku ya kwanza."

Meseji zote, za familia zote, alikuwa anaandika mtu mmoja. Naye mfungwa, binti waliyemwita Mwalimu kwa jinsi alivyoandika vizuri. Wale wasimamizi walimpa kazi ya kututuliza sisi ndugu. Ule mstari wa sikukuu aliuchomeka kwenye meseji za watu wote. Familia zote zikausoma, na zote zikajibu kama mimi... pumzika.

"Yuko wapi nimshukuru?" nikauliza, nikitafuta uso wa mwanamke kwenye ile foleni.

Fundi akainamisha kichwa.

"Walimtoa, dada. Siku moja waliingia wakauliza nani anaandika habari za sikukuu. Wakamchukua, meseji wakaanza kuandika wenyewe. Hatujamwona tena."

Sikuuliza ilikuwa siku gani. Najua ni siku gani. Ni siku niliyofungua mdomo wangu kwa Mtulivu.

Ndugu zangu, ukishika kitu kinachoweza kuokoa uhai wa mtu, kipeleke kwanza kwa wanaohusika. Mpenzi atasikia baadaye, hata akinuna. Na mtu wako akiwa mbali, usitulizwe na meseji. Dai sauti yake, dai uso wake, na kila anachokuambia, kakihakiki.

Fundi anasema Mwalimu ana umri kama wangu, ana pengo la jino upande wa kushoto, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Kama ni dada yako, mkeo au mwanao, niandikie inboksi sasa hivi. Wizara inataka jina lake halisi ndipo waanze kumtafuta, na kati ya wote aliowaokoa, hakuna hata mmoja anayelijua.