Kinalamba, Hakimezi

Wagonjwa wa Zablon Omanga walianza kumsalimia mtu ambaye hakuwapo.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyeingia kliniki mchana wa jua kali akiburuta mguu uliovimba. Alimsalimia Zablon juu juu, kisha akageukia kona yenye kiti kitupu, akakunja goti kidogo na kusalimia tena, safari hii kwa heshima. Zablon akatazama kona. Akaona kiti, ndoo na ukuta. Akasema moyoni kwamba homa imempanda mama wa watu kichwani, akamdunga sindano yake ya kawaida na kumwonyesha mlango.

Mama yule akatoka akitembea vizuri. Kizingitini akageuka.

“Umwambie yule daktari mrefu asante sana,” alisema. “Ulimi wake unachoma, lakini unasaidia.”

Zablon akacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka watu wakishampa kisogo.

Yeye mwenyewe hakuwa daktari. Koti jeupe alikuwa nalo, na kipimo cha kusikiliza kifua kilining'inia shingoni, lakini kazi aliyowahi kufanya hospitalini ni kusukuma vitanda, na hata hiyo alifukuzwa kwa uvivu. Sindano zake zilikuwa maji yenye vitamini kidogo. Mwaka ule, kabla mvua za El Nino hazijakata barabara, mji wa Migori ulijaa kliniki za namna hiyo, kila kona moja, na Zablon akatafuta kitu cha kumpita jirani. Alikipata sokoni, kwa muuza njugu aliyekuwa akichana kurasa za kitabu cha picha ili afungie njugu zake.

Kilikuwa kitabu cha dini za dunia. Zablon akachagua humo miungu ya uponyaji, akamwita mchora vibao, akajaza kuta. Hapa Asklepio wa Wayunani na fimbo yake yenye nyoka. Pale Dhanvantari wa Wahindi, akitoka baharini na chungu cha maji ya uzima. Buddha wa dawa, mwili wa samawati, bakuli mkononi. Sekhmet wa Misri, mwanamke mwenye kichwa cha simba, anayeleta tauni na kuiondoa. Kwa ajili ya Wakatoliki aliongeza malaika Rafaeli, na kwa wazee wa Kijaluo akaongeza nyoka mkubwa wa ziwani. Asubuhi foleni ikishajaa, alisimama nje na kuwaita wote kwa majina, mikono juu, macho yamefumbwa, sauti ya kukopa kwa wahubiri wa stendi.

“Na wewe unamwamini nani kati ya hao?” mkewe alimuuliza siku moja. Jina lake Scovia, Msabato kutoka Sindo, mwanamke wa maneno machache. Wagonjwa walimwita nyar Sindo, binti wa Sindo.

“Mimi naamini foleni,” Zablon akajibu, na akalifurahia jibu lake siku nzima.

Lakini baada ya mama wa omena, foleni ilibadilika. Watu walikuja na kupona. Walipona kweli, mbele ya macho yake, bila yeye kujua wamepona kwa nini. Kila mara kulitangulia harufu, harufu ya udongo mbichi wa chini ya maji. Halafu sauti. Zablon aliyekulia kwa wafugaji aliijua sauti ile, ni ya ulimi wa ng'ombe anayemlamba ndama aliyezaliwa sasa hivi, ulimi mzito, unaokwaruza, usio na haraka. Mgonjwa alilala kitandani amefumba macho, na pale palipouma ngozi ilirudi nyuma na kwenda mbele kama inayosukumwa, ikabaki imelowa.

Mara ya kwanza Zablon alikimbilia chooni akajifungia. Alitoka aliposikia mgonjwa akimshukuru Mungu kwa sauti na watu wa foleni wakipiga makofi. Akafuta jasho, akafunga vifungo vya koti, akarudi kupokea makofi yale. Tangu siku hiyo alijizoesha kutazama ukutani sauti ikianza. Aliogopa, ndiyo, lakini alipenda zaidi kuitwa daktari.

Scovia alikuwa na kawaida ya kujinyoosha mchana katika chumba cha nyuma, akishaosha vyombo. Alianza kuamka sikio moja likiwa limelowa. Alidhani ni jasho. Kisha mguu wake ukavimba, kuanzia kifundo hadi goti. Baadaye ikaja nyonga, maumivu ya mtu aliyevuta nyavu miaka mingi, naye hajawahi kuvuta wavu. Siku iliyofuata kulikuwa na kijana aliyeletwa akilia kwa jino. Kijana alitoka akicheka. Jioni Scovia alikaa jikoni ameshika shavu, akiumwa na jino ambalo aliling'oa akiwa msichana.

“Zablon,” alinong'ona, “kuna kitu kinaniinamia nikilala. Kinanitemea sikioni. Nasikia mate yakiingia mpaka ndani.”

“Ni malaria hiyo.”

“Huyo kijana wa leo alikuwa na jino la upande gani?”

Zablon akaomba chumvi.

Scovia hakubishana. Alijikokota mpaka sokoni kwa Nyangi, mama wa Kikuria aliyeuza tumbaku na kuunga mifupa iliyovunjika, na ambaye watu walimwita pia kwa mambo yasiyozungumzwa kanisani. Nyangi alimpapasa sikio, akanusa vidole vyake, akafunga biashara.

Walifika kliniki wakati foleni imeenda kutafuta chakula. Nyangi alikataa kuingia. Alisimama kizingitini akitazama kuta, kisha kona, na pale kwenye kona macho yake yakabaki.

“Nani amekaribisha hii kitu?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Kitu gani, mama? Hao ni miungu wa tiba,” Zablon alisema. “Wa dunia nzima.”

“Hao wa ukutani sina shida nao. Kila mmoja ana watu wake huko kwao. Wanamfungia saumu, wanamwogea, wanamlilia. Wewe umewahi kumpa hata mmoja wao maji ya kunywa?”

Zablon akatabasamu tabasamu lake la wagonjwa.

“Umeita wote na hutaki yeyote,” Nyangi akaendelea. “Umefungua mlango, umepiga kelele, na mwenye nyumba hayuko. Jini lililokuwa linapita likaingia. Likiitwa jina hili linaitika, likiitwa lile linaitika. Linakaa hapo kitini, magoti yamefika kifuani kwa urefu. Sasa hivi linanitazama.”

Scovia alirudi nyuma hatua. Kiti cha kona kililia, kama kiti mtu anapogeuza makalio.

“Lakini linaponya,” Zablon alisema, naye sasa ananong'ona.

“Linalamba. Halimezi! Likishajaza mdomo lazima liteme, na linatema kwa mtu wa karibu wa yule aliyeliita. Muulize mkeo.” Nyangi akamtazama kutoka viatuni hadi kwenye kipimo cha shingoni, taratibu, kama anayekagua nyama iliyooza. “Dawa ni rahisi. Aliyeita ndiye afukuze. Simama mbele ya watu hapo nje, useme wewe si daktari, hukuwaamini hawa, hukuwa na haki ya kuita. Useme kwa mdomo wako. Litatoka.”

“Mbele ya watu?”

“Mbele ya watu.”

Zablon alitega sikio mlangoni. Alisikia nje watu wakirejea mmoja mmoja, wakiulizana kama daktari yuko.

“Kesho anakuja mzee Mirumbe,” alisema mwishowe. “Mirumbe wa dhahabu, wa machimbo ya Macalder. Mkubwa sana yule. Acha nimtibu huyo mmoja, halafu nitasema.”

“Mirumbe anaumwa nini?” Scovia aliuliza.

“Kifua.”

“Kifua namna gani?”

“Vumbi la mgodi. Amechimba tangu ujana.” Zablon alianza kukagua kucha zake. “Madaktari wamemwambia mapafu yamekuwa jiwe.”

“Na hilo jiwe litaenda wapi, Zablon?”

Mumewe aliinua macho, na katika macho yale Scovia aliona kwamba hesabu ilishapigwa zamani.

“Wewe una mwili mzuri,” Zablon alisema kwa upole. “Watu wa kwenu hawafi ovyo.”

Nyangi akatema mate chini na kuondoka. Scovia alipika chakula cha jioni kama kawaida. Asubuhi, Zablon alipokuwa nje akiwaita miungu kwa mbwembwe kuliko siku zote, yeye alitoka kwa mlango wa nyuma na mfuko wa nguo, mguu mmoja mzima na mwingine wa mama muuza omena, akashika njia ya kwenda kwa mama yake Sindo.

Mirumbe aliletwa kwa pikapu jua likiwa utosini. Alikuwa mtu mkubwa aliyebaki mifupa, na kila pumzi yake ilitoa mkwaruzo wa sepetu kwenye changarawe. Walimlaza. Zablon akawatoa wote nje, akafunga mlango, akageukia ukuta.

Harufu ya udongo ikaja. Kiti cha kona kikalia. Ulimi ukaanza, na safari hii haukuishia kwenye ngozi, ulisikika ukizama ndani ya kifua cha Mirumbe na kukwangua, ukikwangua na kukusanya, mpaka yule mzee akavuta pumzi ndefu, safi, ya kijana, akalala usingizi papo hapo. Ndipo Zablon akasikia nyayo zilizolowa zikivuka chumba, plachi, plachi, zikipita nyuma ya mgongo wake kuelekea chumba cha nyuma, na akafumba macho na kujiambia kwamba ni mara hii tu. Akasikia pazia likisogezwa, akasikia godoro likipapaswa polepole kutoka kichwani hadi miguuni, likapapaswa tena, kisha kimya, kimya kirefu ambacho ndani yake alielewa kwamba kitanda ni kitupu, kwamba sufuria za asubuhi hazikuwa zimelia, kwamba hakumsikia mkewe tangu alfajiri na hakuona haja ya kumtafuta. Na nyayo zikaanza kurudi, plachi, plachi, bila haraka, zikasimama nyuma ya kisogo chake, na kitu kirefu kikainama kutoka juu huku harufu ya chini ya ziwa ikimfunika, na kidole baridi kikaligeuza sikio lake taratibu, kama mama anayemsafisha mtoto, na kabla hajapata sauti ya kupiga kelele kikamtemea vumbi la miaka yote ya Mirumbe, la moto, zito, lisilokwisha.

Mirumbe alitoka akitembea. Alikuta daktari wake amepiga magoti sakafuni, mdomo wazi kama samaki, akampigia saluti na kwenda zake.

Zablon alipelekwa hospitali. Picha ya kifua ilipotoka, wenye ujuzi waliitana kuitazama. Walimuuliza alichimba mgodi gani na kwa muda gani. Akasema yeye ni daktari. Wagonjwa wenzake walisikia, na kwa kuwa alikuwa na koti jeupe limekunjwa chini ya mto, waliamini. Akiweza kupumua aliwapa ushauri.

Scovia alikuwa bado anachechemea, jino bado linamwamsha. Nyangi alikuwa amemwambia wazi kwamba kilichotemwa ndani yake hakitatoka mpaka jini lifukuzwe, na wa kulifukuza ni mmoja tu. Kwa hiyo alisafiri kutoka Sindo, akaingia wodini wakati wa kutembelea wagonjwa.

Zablon alipomwona uso ukachangamka. Alipapasa ukingo wa kitanda.

“Kaa hapa, mke wangu. Karibu zaidi.”

Scovia alisimama pale pale mbali, katikati ya wodi. Harufu ya udongo mbichi ilikuwa imetangulia kumfikia. Akaelewa. Mumewe alikuwa ameliita tena. Alikuwa amelala hapo akisubiri mtu wa karibu.

“Hukuoa mke, Omanga,” alisema kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia. “Ulioa kopo la kutemea.”

Nesi mmoja akasimama na trei yake.

“Sikuja kugombana. Sema yale maneno. Watu ndio hawa. Sema wewe si daktari, upone, na mimi nipone. Pumzi yako inatosha.”

Zablon akatazama vitanda. Nyuso zilikuwa zimemgeukia, nyuso za watu waliokuwa wakimwita daktari tangu alipolazwa, waliomwomba awaangalizie vidonge vyao. Mzee wa kitanda cha jirani akamuuliza kwa wasiwasi, “Huyu mama anasema nini, daktari?”

Zablon akajiinua kwa kiwiko. Scovia alimwona akikusanya pumzi kutoka kwenye jiwe lile, kidogo kidogo, mishipa ya shingo imesimama, na kwa mara ya mwisho katika maisha yake akamtarajia mema.

“Mimi,” Zablon alisema, “ni daktari.”

Na pumzi ikaishia hapo. Nesi aliweka trei chini akakimbia, akamgusa shingo, akamvutia shuka usoni. Scovia hakulia. Alikuwa akilipapasa jino lake kwa ulimi, jino lisilokuwepo, linalouma palepale, na akijua sasa kwamba litauma maisha yote.

Kisha kando ya ukuta wa mbali, kijana aliyevunjika paja, ambaye hakuwa amegeuka ubavu tangu aletwe, akaketi kitako. Akashusha miguu sakafuni. Paja lake lilikuwa limelowa, na Scovia akakumbuka kwamba kilicholambwa lazima kitemwe kwa mtu.

“Haliumi tena,” alisema kwa mshangao. “Jamani, haliumi!”

Hakuna aliyempigia makofi. Vitanda vyote vikaanza kutazamana.