Jina Lililoshonwa Mgongoni

Kwa nini mtu mwenye akili timamu amwambie mwamuzi kosa ambalo hakuna jicho lingine lililoliona? Fai alilizungusha swali hilo kichwani karibu kila alasiri, akiwa amesimama chini ya nyumba ya Baba Mkubwa Thawin na kupiga pasi kitambaa cha kijani cha meza ya snuka, ule mchezo wa kuingiza mipira kwenye mifuko ya meza kwa fimbo, na kila alasiri swali lilimrudia bila jibu.

Nyumba hiyo ilisimama juu ya nguzo, kama nyumba nyingine za zamani za mtaa ule wa mji wa Lampang, na meza ilijaza nafasi yote iliyokuwa chini yake. Upande wa mvua lilining'inia turubai la buluu. Kazi ya Fai ilikuwa ileile kila alipotoka shule: kuvua viatu, kuunganisha viganja kifuani ili kumsalimu mzee, kusugua kitambaa kwa brashi kuelekea upande mmoja, kisha kukipiga pasi, kwa sababu unyevu wa mto wa jirani uliufanya mpira ujiburute kana kwamba umemwagiwa uji. Hapo ndipo aliporuhusiwa kushika fimbo. Katika miezi minne ya kwanza hakupewa mpira mwingine ila ule mweupe. Aliupiga uende hadi ukingo wa mbali na kurudi kugusa ncha ya fimbo yake. Ukipotoka hata kwa upana wa punje ya wali, mzee alitamka neno moja tu, "Kiwiko," na Fai akaanza upya.

Thawin hakuwa ndugu yake wa damu. Watoto wote wa mtaa walimwita Baba Mkubwa wakiwa mbele yake. Akiwapa kisogo, walimwita jina jingine.

Zamani, kabla Fai hajazaliwa, mzee huyu alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kabisa kutoka nchi yao kucheza snuka ya kulipwa huko Uingereza. Alipanga chumba juu ya duka la samaki wa kukaanga, akafanya mazoezi amevaa glovu zilizokatwa vidole kwa ajili ya baridi, akashindwa miaka mitatu mfululizo bila mtu yeyote nyumbani kumuulizia. Alipoanza kuwashinda watu ambao picha zao zilijaa magazetini, Lampang iligundua ghafla kwamba ilikuwa imempenda tangu zamani. Kwenye uwanja wa ndege alivishwa mashada mpaka uso ukapotea. Mkuu wa mkoa alipiga picha naye, na mke wa mkuu wa mkoa, na dereva wa mke wa mkuu wa mkoa. Wanaume ambao hawakuwa wamewahi kumnunulia hata chai walisimulia jinsi walivyomlea.

Kisha ikaja fainali kubwa na fremu, yaani raundi, yake ya mwisho. Thawin alikuwa anaongoza. Aliinama juu ya meza, akainuka bila kupiga, na kumwambia mwamuzi kwamba mkono wa shati lake ulikuwa umeugusa mpira wa waridi. Mwamuzi hakuwa ameona. Mpinzani hakuwa ameona. Kamera nazo hazikuonyesha kitu. Likahesabiwa kosa, mpinzani akapewa zamu, na kombe likaondoka naye. Lampang, iliyompenda tangu zamani, iliacha kumpenda siku hiyohiyo. Waliokuwa wameweka kamari juu yake walimwona mjinga, na wasioweka kamari wakaona wasibaki nyuma. Wakamwita Mkono. Macho yake yalipofifia akarudi nyumbani kubandika ngozi mpya kwenye ncha za fimbo za wengine, na kila alipopita sokoni kulikuwa na mtu wa kujipangusa mkono wa shati kwa vidole viwili, taratibu, huku akitazama kando. Baadhi yao hawakuwa hata wamezaliwa siku ya fainali ile.

Fai naye alikuwa amewahi kujipangusa. Ilikuwa shuleni, mbele ya wenzake, walipomtania kwamba ananuka chaki ya fimbo za Mkono. Alicheka kuliko wote. Alasiri ile alipiga pasi kitambaa mara mbili na hakuweza kumtazama mzee usoni.

Mwaka aliotimiza miaka kumi na mitatu, yalitangazwa mashindano ya vijana wa mikoa ya kaskazini, na mshindi angepelekwa kambini Bangkok kufundishwa pamoja na timu ya taifa ya vijana. Fai alishinda mchujo wa kwanza kwa urahisi uliomshangaza hata yeye. Kesho yake gari jeusi lilisimama mbele ya karakana ya vyungu alikofanya kazi mama yake, Bi Nuan, ambaye tangu ujana wake alichora majogoo kwenye mabakuli.

Aliyeshuka alikuwa Bwana Kriangsak, mwenye ukumbi wa snuka uliokuwa na meza saba na viyoyozi. Mji mzima ulimwita Bosi Kriang, na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu. Sheria haikuruhusu watoto kuingia katika ukumbi kama huo wake, hivyo hakuwa amewahi kumwona Fai akicheza kabla ya wiki ile. Hilo halikumzuia kumshika bega msichana huyo, aliyekuwa pale na mama yake, kama mtu anayeshika mali yake. Alileta fimbo mpya ndani ya mkoba wa ngozi, na shati jeupe lililokwisha kushonwa maneno mgongoni: Fai Sit-Kriang.

Hapakuwa na haja ya kueleza. Mabondia hufanya hivyo, na wachezaji wa snuka waliiga kwao: hubeba jina la aliyewafunza, na neno Sit huwatangaza kuwa wanafunzi wake. Mtu aweza kubadili mtaa, hata jina la ukoo. Jina hilo la mgongoni huwa halichezewi.

"Lakini aliyenifundisha ni Baba Mkubwa Thawin," Fai alisema.

Bosi Kriang alitabasamu, akajipangusa mkono wa shati kwa vidole viwili. "Mwanangu, utaenda Bangkok na jina la Mkono mgongoni? Watakucheka kuanzia stesheni. Klabu yangu inakusajili, inakulipia nauli, inakupa kila kitu. Kazi yako ni kuandika jina moja kwenye fomu, pale pa mwalimu. Nani atajua?"

Bi Nuan hakuinua brashi kutoka kwenye mkia wa jogoo aliyekuwa akimchora. Alisema kwamba jina litakaa mgongoni mwa Fai, si mwake, kwa hiyo Fai aamue. Fai alitazama fimbo mpya. Akawaza stesheni ya Bangkok, na watu asiowajua wakijipangusa mikono. Akaandika.

Wiki ile mwandishi wa gazeti la mkoa alikuja kuwapiga picha kando ya meza ya mashindano. Bosi Kriang alieleza kwa kirefu alivyomfundisha Fai ukumbini mwake tangu akiwa na miaka saba, alivyomrekebisha vidole kimoja baada ya kingine, alivyotoa machozi binti alipoingiza mpira wake wa kwanza. Alipoombwa aoneshe namna ya kushika fimbo, aliishika kama mtu anayekoroga chakula cha nguruwe, na bilauri yake ya maji ya barafu akaiweka juu ya kitambaa cha meza. Fai aliitazama ile duara ya maji ikipanuka kwenye kitambaa cha kijani. Alimdharau mtu yule kwa moyo wake wote, kisha akakumbuka ni nani aliyeandika fomu, na dharau ikageuka njiani na kumrudia yeye.

Baba Mkubwa Thawin alilisoma gazeti. Fai aliliona likiwa limekunjwa kwenye ngazi ya nyumba, picha ikiwa juu. Mzee hakulitaja. Aliichukua fimbo kuukuu ya Fai, akaondoa ngozi iliyochakaa kwenye ncha, akabandika mpya, akaisugua hadi ikawa laini.

"Hiyo mpya ya Bosi usiitumie Jumamosi," alisema. "Haijakuzoea. Na kiwiko, usikirushe."

Fai alitaka akaripiwe. Akasimama pale na pasi mkononi, na ghafla akauliza lile swali lililomsumbua miaka yote: kwa nini alisema, siku ile ya fainali, ilhali hakuna aliyeona?

"Wewe ukikosea pasipo kuonwa, kosa hilo hukaa nalo vipi?" mzee aliuliza.

Fai aliishusha pasi kwenye kitambaa, akaanza upya.

Jumamosi mashindano yalifanyika katika bwalo la shule ya ualimu. Thawin aliketi nje ya mlango na meza yake ndogo, akitengeneza ncha za fimbo za watoto waliofika kushindana. Ndani, Bosi Kriang aliketi kwenye kiti cha mbao kilichonakshiwa, ambacho aliagiza kiletwe kutoka nyumbani kwake na kuwekwa jukwaani. Kila mtu alijua kiti kilikuwa cha nini. Desturi ilimtaka mshindi ampigie magoti mwalimu wake mbele ya watu na kumpa shada la yasmini, na Bosi Kriang hakutaka kupigiwa magoti akiwa kwenye kiti cha plastiki.

Fai alicheza amevaa shati la Bosi, lakini kwa fimbo yake kuukuu. Aliwashinda wavulana wawili kutoka Phayao na msichana mmoja wa Chiang Rai aliyekuwa mchezaji hodari sana, na katika fremu ya mwisho aliupeleka mpira mweusi wa mwisho mfukoni polepole, kiwiko kikiwa kimetulia kama kimefungwa. Watu walisimama. Mama yake alisimama. Kupitia mlango ulioachwa wazi Fai aliona mgongo wa mzee, umeinama juu ya fimbo ya mtoto mwingine. Hakuwa hata amegeuka kutazama. Alikuwa amesikia mlio wa mpira, na huenda ulimtosha.

Shada likawekwa mikononi mwa Fai. Bosi Kriang alinyoosha suruali na kuweka miguu sawa.

Fai alipita mbele ya kile kiti. Alienda moja kwa moja hadi kwa mwamuzi mkuu, Bi Ratchani, mwanamke mrefu mwenye glovu nyeupe, na kumwambia kwa sauti iliyotetemeka kwamba ametenda kosa. Bi Ratchani alimwuliza ni katika fremu ipi.

"Si kwenye meza," Fai alisema. "Kwenye fomu. Nimeandika mwalimu ambaye si wangu. Aliyenifundisha yuko nje pale, anabandika ngozi."

Bosi Kriang aliinuka, akacheka, akasema mtoto amechoka, joto limempanda, yeye amemfundisha ukumbini mwake tangu ana miaka saba na gazeti limeandika.

"Ukumbini mwako," Bi Ratchani alirudia. "Miaka saba. Bwana Kriangsak, sheria inakataza mtoto kuingia humo. Unaniambia ulimfundisha, au unaniambia ulivunja sheria?"

Mwandishi wa gazeti, ambaye wiki ile alikuwa ameandika kila alichoambiwa, sasa naye alikumbuka kwamba ana kalamu. Katika safu za nyuma kicheko kilianza, kilekile walichokuwa wakimchekea Thawin, kwa sababu watu wa namna hiyo hawana kicheko cha pili. Uso wa Bosi Kriang ulikuwa umeiva. Alijipangusa mkono wa shati kwa vidole viwili. "Basi nenda na Mkono wako," alimwambia Fai.

Bi Ratchani alimweleza Fai jambo lilivyo, bila kumpamba wala kumtisha. Ushindi alioupata mezani hauwezi kufutwa. Lakini alisajiliwa kwa klabu ya Bwana Kriangsak, na akilifuta jina la mwalimu huyo atakuwa amejitoa, na aliyejitoa kwenye klabu hapewi nafasi ya kambi mwaka huo. Ingemwangukia mshindi wa pili, yule msichana wa Chiang Rai. Fai angengoja mwaka mzima, kisha aanze tena kuanzia mchujo. Alimpa muda wa kufikiri.

Thawin alikuwa amefika mlangoni, ngozi na gundi vikiwa bado mkononi. Fai alimwendea, akapiga magoti sakafuni, akamtolea shada. Mzee aliweka ngozi na gundi chini, akalipokea kwa mikono yote miwili.

"Uliniuliza kwa nini nilisema," alimwambia. "Mwamuzi ana macho mawili na meza ni kubwa. Nusu ya uamuzi wa mchezo huu ameachiwa mchezaji mwenyewe. Ukiikimbia nusu hiyo unaweza kubeba kombe, lakini utakuwa umelibeba tu, hujalishinda. Mimi nilikosa kombe moja. Wamejipangusa mikono miaka ishirini na tano, na mpaka leo sijaona aibu kujitazama kwenye kioo. Wewe leo umeona kosa lako kabla ya mtu mwingine, ukalisema ukijua litakugharimu. Hilo sikukufundisha kwa fimbo, na ndilo la maana kuliko yote niliyokufundisha."

Bi Nuan alikuja na mkasi wake mdogo, akakata nyuzi za jina mgongoni mwa binti yake, moja baada ya nyingine, palepale mbele ya watu.

Fai alirudi kwenye meza ya waamuzi. Bi Ratchani alikuwa ameshika kalamu. Bosi Kriang alikuwa bado anatafuta pa kuelekeza macho, na msichana wa Chiang Rai alikuwa amesimama karibu, hajui kama afurahi.

"Futa jina la klabu," Fai alisema, na sauti haikutetemeka tena. "Kambini aende yeye. Mimi nitarudi mwakani kuanzia mchujo, na nitaandikwa Fai Sit-Thawin."